Kutetemeka si Aibu: Munganga Anaweza Kukuona Hata Akiwa Mbali



Mara nyingi tunakuambia hapa habari za kofia ngumu, miwani na viatu vya kazi. Tunakuambia tena habari za malaria na maji safi. Leo tunataka kusema juu ya magonjwa ambayo hayaleti homa, hayatoi damu, wala hayaangushi mtu kwa siku moja. Yanaingia polepole kama kutu katika chuma. Mkono unaanza kutetemeka. Mguu mmoja unaburuta. Sauti inakuwa ndogo. Kifungo cha shati ambacho zamani kilifungwa bila kufikiri, sasa kinataka dakika tano. Watu wa nyumbani wanasema: «Baba amekuwa mvivu.» Kapita anasema: «Huyu amekunywa.» Jirani anasema: «Amelogwa.»

Wote watatu wanaweza kuwa wamekosea. Magonjwa haya tunayaita magonjwa ya mwendo wa mwili. Yana majina, yana sababu, na mengi yao yana dawa za kupunguza mateso. Shida yetu kubwa katika kambi zetu ni moja: munganga anayeyajua vizuri, yaani munganga wa ubongo na mishipa ya fahamu, yuko mbali. Wanganga wa namna hiyo ni wachache sana katika nchi yetu, na wengi wao wanafanya kazi Kinshasa na katika miji mikubwa. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 300. Mpaka Kinshasa, mtu wa Katanga anahitaji ndege. Mgonjwa ambaye hata kutoka kitandani mpaka mlangoni ni safari, atafikaje kule?

Maoni yetu ni haya: kila hospitali ya kambi ipate chumba kimoja kidogo, telefone yenye kuonyesha picha, na mwuguzi aliyefundishwa, ili wagonjwa wa namna hii waonwe na munganga wa ubongo bila kuacha kambi. Njia hii inaitwa telemedisini, nasi tutaiita matunzo ya mbali. Lakini tunasema vilevile kwamba njia hiyo haitafaa kitu ikiwa mambo matatu hayatalindwa: dawa ya mgonjwa, siri yake, na kazi yake. Soma mpaka mwisho, utaona kwa sababu gani.

MAGONJWA GANI HAYA?

Lililo maarufu kupita mengine ni ugonjwa wa Parkinson. Unaitwa hivyo kwa jina la munganga wa London, James Parkinson, aliyeueleza katika kitabu kidogo mwaka 1817. Ndani ya ubongo mna sehemu inayotengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Kitu hiki ni kama mafuta ya mashini: kinasaidia mwili kuanza mwendo na kuuendesha bila kukwama. Sehemu hiyo ikianza kufa, dopamini inapungua, na mashini inakwama. Hapo mtu anakuwa mzito katika kila tendo. Misuli inakuwa migumu. Mkono, mara nyingi wa upande mmoja kwanza, unatetemeka wakati umepumzika juu ya paja. Uso unakosa kicheko, si kwa hasira, bali kwa sababu misuli ya uso nayo imekuwa mizito. Baadaye mtu anaanza kuanguka.

Usifikiri kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya la Dunia (OMS) limehesabu kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa nao. Jirani zetu wa Tanzania walitafuta nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, kati ya watu zaidi ya 161,000. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Walikuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Jambo la kuhuzunisha ni hili: wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote jina la ugonjwa wao. Walikuwa wakiteseka bila kujua kwamba dawa ipo. Walikuwa wamefichwa na kutojua, si na msitu.

SI KILA KUTETEMEKA NI SAWASAWA

Hapa ndipo tunahitaji jicho la mtu aliyesoma. Kuna kutetemeka kunakotokea wakati mtu anashika kikombe au anaandika, na kunatulia akipumzika. Mara nyingi baba yake au shangazi yake alikuwa nako pia. Hiyo si Parkinson, na dawa yake ni nyingine. Kuna kutetemeka kwa asubuhi kwa mtu aliyezoea lutuku. Kuna kutetemeka kunakoletwa na ugonjwa wa tezi ya shingo. Kuna ugumu wa mwili unaoletwa na dawa zenyewe, kama zile za kutuliza wagonjwa wa akili, na hata dawa fulani ya kuzuia kutapika mtu akiimeza muda mrefu. Mtu wa namna hii hahitaji dawa zaidi. Anahitaji munganga wa kumpunguzia ile anayomeza.

Kuna tena konzo, ambayo ndugu zetu wa Kwango wanaijua sana. Miguu inakakamaa kwa ghafula, hasa kwa watoto na wamama, kwa sababu ya kula muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, wakati hakuna samaki wala maharagwe ya kutosha. Miguu hiyo hairudi kama zamani. Dawa ya konzo ni kuikinga: mama, loweka muhogo wako vizuri kabla ya kuanika na kusaga, na usifupishe siku kwa sababu ya haraka ya soko.

Sasa uone: watu sita wanatembea vibaya, na kila mmoja ana ugonjwa wake. Ukiwapa wote vidonge vya namna moja, utawaumiza.

NENO KWA WATU WA MANGANEZI NA MASUDERI

Ugonjwa mmoja katika hayo unatuhusu sisi watu wa mgodi moja kwa moja. Mwaka 1837 munganga James Couper wa Glasgow, Scotland, aliandika habari za wafanyakazi waliokuwa wakisaga madini ya manganezi katika kiwanda. Miguu yao ilikosa nguvu, waliyumba, sauti zao zilikuwa ndogo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, wanganga walijifunza mambo hayohayo kwa wachimbaji wa manganezi wa Chile. Mara nyingine ugonjwa ulianza na tabia: mtu mpole anakuwa mkali, anacheka au kulia bila sababu, halafu mwendo unaharibika. Wengine walitembea juu ya vidole kama jogoo, na kuanguka kinyumenyume.

Nchi yetu ina manganezi. Kisenge, upande wa Lualaba, inajulikana tangu zamani kwa madini hayo, yaliyokuwa yakipita kwa reli ya Benguela mpaka Lobito, mpaka vita vya Angola vilipofunga njia mwaka 1975. Lakini si mtu wa Kisenge peke yake anayepaswa kusikiliza. Moshi wa kuchomelea chuma nao una manganezi. Suderi anayefanya kazi ndani ya tangi au chumba kilichofungwa, bila hewa na bila kinyago, anaivuta kila siku.

Ujue vizuri jambo hili: dawa inayosaidia mgonjwa wa Parkinson mara nyingi haimsaidii sana mgonjwa wa manganezi. Kwake dawa ya kwanza ni kumtoa mapema katika vumbi au moshi. Kila mwezi anaoendelea kukaa humo ni hasara, na akichelewa ugonjwa unaweza kuzidi hata baada ya kuacha kazi ile. Ndiyo sababu tunasema kwamba kumpata munganga anayejua, upesi, si anasa. Ni usalama wa kazi sawasawa na kofia.

KWA NINI JICHO LA MUNGANGA LINAWEZA KUSAFIRI

Magonjwa mengi yanataka mkono wa munganga. Tumbo linataka kubonyezwa, kifua kinataka kusikilizwa, damu inataka kupimwa. Lakini ugonjwa wa mwendo unajulikana zaidi kwa kutazama. Munganga anamwambia mgonjwa: keti. Weka mikono juu ya mapaja. Hesabu kwa kurudi nyuma toka 20, kwa sababu akili ikishughulika, mkono unaoficha kutetemeka unajitoa wenyewe. Gonganisha kidole cha shahada na gumba mara kumi, upesi na kwa upana. Fungua na kufunga ngumi. Gonga sakafu kwa kisigino. Simama toka kitini bila kujisaidia kwa mikono. Tembea hatua kumi, geuka, rudi. Andika jina lako. Kunywa maji katika kikombe.

Mambo hayo yote yanaonekana katika picha ya telefone. Munganga aliye Lubumbashi, Kinshasa au Ulaya anaweza kuyaona sawasawa na aliye chumbani, ikiwa picha ni safi na mtu wa kuishika anajua kazi yake.

Tena kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuonana na kusemezana wakati uleule. Hiyo inataka rezo nzuri. Ya pili ni kupiga filamu fupi ya mgonjwa, kuandika historia yake, kisha kutuma vyote wakati rezo inapopatikana, hata usiku. Munganga anatazama kwa nafasi yake na kujibu. Kwa kambi zetu, ambako umeme unakatika na rezo inakuja na kwenda, njia hii ya pili ndiyo itakayotufaa zaidi. Haingoji mashini za bei kali.

WENGINE WAMEFANYA NINI?

Marekani walifanya jaribio kubwa la mwaka mmoja, na matokeo yalitolewa mwaka 2017. Watu 195 wenye Parkinson, katika majimbo 18, waligawanywa. Wengine waliendelea na matunzo yao ya kawaida tu. Wengine waliongezewa kuonwa na munganga bingwa kwa video, wakiwa nyumbani kwao. Walikuta nini? Kwanza, jambo linawezekana; wagonjwa, hata wazee, waliweza. Pili, kila mara moja ya kuonana kwa video iliokoa kama dakika 88 na safari ya maili 38, karibu kilometa 61. Tatu, na hili tulisema bila kuficha, maisha ya wale wa video hayakuonekana kuwa bora kuliko ya wale wengine. Video si muujiza.

Lakini fikiri vizuri, ndugu. Watu hao wa Marekani walikuwa na munganga wao hata kabla ya video. Walilinganisha munganga na munganga. Sisi katika kambi nyingi tunalinganisha munganga wa mbali na kutokuwa na munganga wa ubongo hata mmoja. Na kama wao waliokoa kilometa 61, mtu wa Kolwezi anayekwenda Lubumbashi na kurudi ataokoa karibu 600, pamoja na siku za kazi za bibi au mtoto anayemsindikiza, nauli, malazi na chakula cha njiani.

Karibu zaidi na sisi, Kamerun, wanganga na wasaidizi wao wa Douala walipewa masomo juu ya Parkinson kwa njia ya mbali, wakishirikiana na wanganga wa Burgos, Hispania. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2015. Sisi tunapenda mfano huo kuliko ule wa Marekani. Kwa nini? Kwa sababu hawakumtibu mgonjwa mmoja tu kupitia waya. Walimfundisha mtu anayebaki pale. Rezo ikikatika, masomo hayakatiki.

WANAOPINGA WANASEMA NINI?

Kuna wanaosema: «Mashini haiwezi kumgusa mgonjwa.» Ni kweli. Ugumu wa misuli unajulikana kwa kuukunja mkono wa mgonjwa, na usimamaji wake unapimwa kwa kumvuta mabega toka nyuma huku umejiandaa kumdaka. Telefone haifanyi hayo. Ndiyo sababu tunasema mwuguzi wa kambi afundishwe, awe mikono ya munganga wa mbali. Tena inafaa mgonjwa aonwe uso kwa uso mara moja, ikiwezekana, ndipo matunzo ya mbali yafuate kwa kumwangalia na kupima dawa yake mwaka mzima.

Wengine wanasema: «Hii ni mambo ya wakubwa na matajiri.» Tunajibu: telefone zinazopiga picha ziko tayari katika kambi zetu, vijana wanazitumia kwa muziki na mpira. Kinachokosekana si telefone. Ni mpango, mwuguzi aliyefundishwa, na munganga aliyekubali kujibu.

Wengine wanasema: «Jina la ugonjwa bila dawa lina faida gani?» Hapa wamegusa kidonda chenyewe. Dawa kubwa ya Parkinson ni levodopa ikichanganywa na karbidopa. OMS imeiweka katika orodha ya dawa za lazima. Lakini ikiwa haipatikani katika famasi ya kambi, munganga wa mbali ataandika karatasi bure. Vibaya zaidi, mtu aliyeianza na kuikosa kwa ghafula anaweza kuumia sana. Kwa hiyo tunawaambia wakubwa wa hospitali: msinunue mashini ya picha kabla ya kuhakikisha dawa. Vidonge vya miezi sita katika kabati ni bora kuliko kioo kikubwa ukutani.

HOFU KUBWA NI KAZI

Sasa tuseme neno ambalo wengi wanalificha. Mfanyakazi anayetetemeka haogopi ugonjwa kwanza. Anaogopa kupoteza kazi. Anajua kwamba kazi ikikatika, na nyumba ya kambi inaweza kwenda, na masomo ya watoto, na matibabu yenyewe. Kwa hiyo anaweka mkono mfukoni. Anamwomba mwenzake amfungie. Anakaa mbali na kapita. Anameza majani ya mufumu usiku. Hivyo miaka miwili, mitatu inapita.

Tunamwelewa. Lakini ndugu, ufikiri juu ya wenzako. Shofere wa kamiyo kubwa ambaye mguu wake unachelewa kukanyaga breki, mtu wa ngazi ambaye anayumba, suderi ambaye mkono wake haumtii: kila mmoja anaweza kumwua mtu bila kutaka. Ukificha, siku itatoka mahali usipotaka, na labda itatoka pamoja na damu.

Lakini haifai kumdai mfanyakazi ukweli bila kumpa ulinzi. Tunasema wazi kwa wakubwa wa kazi: filamu ya mgonjwa ni siri yake na ya munganga. Isionyeshwe kwa kapita, wala ofisi ya wafanyakazi, wala isitembezwe katika telefone za watu kama kichekesho. Munganga amwambie mkubwa wa kazi neno moja tu linalohitajika: mtu huyu asiendeshe, asipande juu, asikae katika moshi, kwa muda huu. Jina la ugonjwa libaki hospitalini. Na mtu huyo abadilishiwe kazi, asifukuzwe. Magala, ofisi ya vyombo, shule ya mafunzo kwa vijana: mahali hapo mtu mwenye miaka ishirini ya mgodi, hata akitembea polepole, ana mengi ya kutoa.

Mfanyakazi mmoja akijionyesha na kulindwa, kesho watano watakuja. Mmoja akijionyesha na kufukuzwa, hakuna atakayekuja tena, na chumba chenu cha telefone kitakaa na buibui. Ndiyo maana tunasema ulinzi wa kazi ni sehemu ya matibabu.

NENO KWA WAMAMA NA WATU WA NYUMBANI

Mama, wewe ndiwe unayeona kwanza. Unaona bwana wako hageuki kitandani kama zamani. Unaona hasikii harufu ya sombe jikoni. Unaona mkono mmoja haubembei anapotembea. Andika siku ulipoona. Siku hiyo munganga ataiuliza.

Usikubali haraka neno la ulozi. Neno hilo limevunja jamaa nyingi. Limefukuza bibi kizee nyumbani kwa sababu mwanawe alianza kutetemeka. Ugonjwa wa Parkinson hautumwi na mtu, na haumwambukizi mtu. Unaweza kula sahani moja ya bukari na mgonjwa. Ukitaka kuomba Mungu, omba. Lakini usiache dawa, na usiuze cherehani yako kwa kumlipa mufumu anayeahidi kumtafuta adui.

FANYENI HIVI

Hata kabla ya chumba cha matunzo ya mbali kuwa tayari katika kambi yenu, unaweza kujiandaa. Wapi pa kuanzia? Dispanseri yako. Mwombe mwuguzi au munganga wa kambi. Asikupeleke mtu wa kando.

1. Piga filamu fupi, dakika mbili au tatu, mchana, mwanga ukiwa mbele ya mgonjwa na si nyuma yake. Mwili wote uonekane, toka kichwa mpaka miguu. Mwombe mgonjwa ruhusa kwanza. Akikataa, acha.

2. Fuata mpango ule tulioueleza: kukaa, kuhesabu, vidole, ngumi, kisigino, kusimama, kutembea na kugeuka, kuandika, kushika kikombe. Mtu mmoja asimame karibu naye asianguke.

3. Ikiwa tayari anameza dawa, piga filamu moja kabla ya kumeza na nyingine saa moja baadaye. Munganga ataona kama dawa inafanya kazi.

4. Andika dawa zote anazomeza, za hospitali na za majani. Usione haya. Andika na saa za kuzimeza.

5. Andika kazi zake zote tangu ujana: vumbi gani, moshi gani, miaka mingapi. Munganga wa mbali hajui mgodi wetu. Wewe ndiwe utakayemwambia.

6. Mpe munganga wa kambi filamu hiyo mkononi. Usiiweke mahali watu wote wanaweza kuitazama. Munganga akiisha kuipokea, uifute katika telefone ya mtoto.

7. Usiache wala kubadilisha dawa kwa sababu jirani amesema. Uliza kwanza.

Na sasa onyo moja kubwa. Matunzo ya mbali ni kwa ugonjwa unaoingia polepole. Ikiwa uso umeanguka upande mmoja kwa ghafula, mkono na mguu wa upande mmoja umekufa, au mtu ameshindwa kusema, usipige filamu. Mpeleke hospitali saa ileile. Ikiwa taya limekaza na mgongo unajikunja baada ya kidonda, hiyo inaweza kuwa pepopunda; mpeleke mbio. Shingo ngumu pamoja na homa, mpeleke mbio vilevile.

NENO LA MWISHO

Wakubwa wa kazi wanapenda hesabu, nasi tunawapa hesabu. Telefone moja, mwuguzi mmoja wa kufundishwa, kabati moja lenye dawa, na karatasi moja iliyotiwa sahihi inayosema kwamba hakuna mtu atakayefukuzwa kwa sababu amekwenda kuonyesha mkono wake. Katika vitu hivyo vinne, kile cha mwisho hakiombi hata franga moja, na bila hicho vile vitatu havina kazi.

Na wewe, ndugu mfanyakazi, wajumbe wenu wa wafanyakazi wakiketi na wakubwa, waambieni waiombe karatasi hiyo kwanza, kabla ya telefone. Kisha utoe mkono wako mfukoni, uende dispanseri. Mkono unaotetemeka ni mkono uliofanya kazi. Hauna sababu ya kujificha.

USALAMA KWANZA. AFYA YAKO NI KAZI YAKO. UKIONA MWENDO WAKO UNABADILIKA, SEMA MAPEMA.